Msumeno wa diski wa inchi 7¼ kukata nguzo za nane kwa nane: nani amewahi kuugeuza?

Fundi Kenchi, Njombe

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni seremala wa majengo, niko Njombe, mwaka wa kumi na moja sasa kwenye kazi hii. Naomba ushauri kabla sijakata kitu kisichorudishika.

Nimepewa kazi ya banda la kupokelea maparachichi. Mwenye shamba anataka nguzo 14 za mkaratusi, inchi nane kwa nane, na juu yake boriti za paini za sita kwa kumi. Hataki kuona bati la kuungia wala bolti. Kila kiungo kiwe cha mbao kwa mbao na kionekane, kwa sababu wageni watapita hapo. Mbao zimepasuliwa kwa dingidongi, ile mashine ndogo ya kupasulia magogo, huko Mafinga, na kusema kweli wamezipasua vizuri: nyuso zimenyooka, vipimo havichezi sana. Shida yangu ni kukata ncha.

Msumeno nilio nao ni wa diski ya milimita 185, wati 1,400, mizunguko 5,800 kwa dakika. Nikiushusha mpaka mwisho unakata milimita 65. Nguzo ina 200. Basi nikaita mtu wa chenso, kijana mzoefu, miti ameangusha mingi. Alikata ncha ya chini ya nguzo ya kwanza kwa kufuata mstari niliouchora. Tulipoisimamisha juu ya kitako chake cha zege, upande mmoja umekaa na upande wa pili naona mwanga. Nikapima: milimita 9. Simlaumu. Chenso imeundwa kuangusha mti, na jicho la mtu lina mwisho wake. Lakini sitaweza kumwonyesha mwenye kazi nguzo 14 za namna hiyo, na nguzo ikikatwa mara mbili inakuwa fupi.

Sasa jirani yangu wa kuchomelea ameleta mawazo mawili. La kwanza, tutoe diski, tuweke gia ya mnyororo kwenye shafti, tuchomelee mkono wa chuma wa kushika ulimi wa chenso (lile bati refu linalobeba mnyororo), ili msumeno uteleze juu ya mbao kwenye kitako chake huku mnyororo ukikata chini. Ameona video ya kitu kama hicho kutoka Marekani, na mimi nimeiona. La pili, tukate kinga ya diski kwa grenda, tupanue nafasi, tuvike diski kubwa, hata ya inchi 14.

La kwanza linanivutia sana. Kuna aliyewahi kulifanya kwa mikono yake? Lilimwendeaje?

Jei wa Makete

Mkuu, chenso haina kosa, tafuta mwingine mwenye mkono mtulivu. Au uifunge kwenye fremu ile ya kupasulia mbao ili isiyumbe. Mambo ya kuchomelea msumeno uache kabisa.

Fundi Kenchi, Njombe

Asante kaka Jei. Ile fremu ninaijua, lakini inapita kwa urefu wa gogo. Mimi nakata kwa kuvuka, na nahitaji ncha iwe skwea pande zote nne. Bado nasikiliza.

Mzee wa Patasi, Lushoto

Kijana wangu, hujambo. Swali lako ni la mtu anayeiheshimu kazi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Mimi nilianza kwa kupasua shimoni hapa Usambara, mmoja juu ya gogo, mmoja chini anakula unga wa mbao. Msumeno wa umeme nilikuja kuushika baadaye, na nimeona watu wakiugeuza kwa namna nyingi. Nianze na wazo la diski kubwa, kwa sababu hilo ndilo linaloua.

Piga hesabu hii. Diski yako ya milimita 185 ikizunguka mara 5,800 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda kama mita 56 kwa sekunde. Vika ya inchi 14, yaani 355, kwenye shafti hiyo hiyo, na jino linakimbia karibu mita 108. Kila diski imeandikwa usoni mizunguko ya mwisho inayovumilia. Isome kabla hujaigusa. Misumeno mikubwa inayotoka kiwandani inazungushwa polepole. Yenye diski ya milimita 415 inazunguka 2,200 tu, ukipiga hesabu unapata mita 48 kwa sekunde. Waliounda walijua wanachofanya. Na mota yako ya wati 1,400 haina nguvu ya kusukuma diski ya 355 ndani ya mkaratusi mbichi. Itakwama, na ikikwama msumeno utapiga teke kuelekea kwako, na kinga umeshaikata.

Hapa karakanani kwangu, miaka mingi iliyopita, kijana niliyekuwa namfundisha alivika diski ya mbao kwenye grenda kubwa ya inchi 9. Nilikuwa nimekwenda kupima nyumba ya mtu. Ile grenda inazunguka mara 6,600 na haina kitako cha kulalia mbao. Unaishika hewani kwa mikono yako. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mpaka leo anafanya kazi, ana watoto, tunasalimiana vizuri, lakini mimi sijaacha kuiona siku ile. Nakuomba wewe na yeyote anayesoma: diski ya meno ya mbao haikai kwenye grenda.

Sasa la mnyororo. Kitu chenyewe kipo na kinafanya kazi, ila ujue kilivyoundwa. Diski inakata kwa kupandisha meno upande wa mbele, na ndiyo maana msumeno unajivuta chini ukakaa vizuri juu ya mbao. Mnyororo nao lazima ukate hivyo hivyo, meno ya upande wa mbele wa ulimi yakipanda juu. Ukiufunga kinyume, msumeno utanyanyuka. Kisha fikiria shafti. Imezoea diski iliyokaa katikati yake, haijazoea mnyororo uliokazwa unaoivuta upande mmoja muda wote. Beringi italika. Mkono wa kuchomelea ukiwa umeshikiliwa na bolti mbili kwenye nyumba ya aluminiamu, siku mnyororo ukinasa fundo, kitakachopasuka ni ile aluminiamu.

Chenso ina klachi na ina breki ya mnyororo. Msumeno wako hauna hata kimoja. Ukiachia swichi mnyororo unaendelea kukimbia, na ukinasa, nguvu yote inarudi kwenye mikono yako na kwenye koili. Pampu ya oili pia hakuna. Nani atalainisha mnyororo? Utamimina kwa mkono, na kama ni ile oili chafu ya gari tunayoitumia kwenye chenso, itaingia kwenye ncha za mbao ambazo mwenye kazi anataka zionekane. Mkaratusi ukinywa oili nyeusi haitoki, hata upige randa vipi.

Basi ufanye nini? Msumeno wako unatosha kwa nguzo hizo. Milimita 65 kutoka pande nne za mbao ya 200 zinaacha kiini cha katikati cha 70 kwa 70. Hicho kinamalizwa na msumeno wa mkono, tena unaongozwa na mikato uliyokwisha kuweka pande zote, hauna pa kupotelea. Kazi yote iko kwenye kuchora na kwenye kigezo.

Kuchora: chagua nyuso mbili zinazopakana, zile zilizonyooka kuliko nyingine, uziwekee alama. Skwea yako ilale kwenye nyuso hizo mbili tu, usiizungushe mbao nzima ukitegemea kila uso. Mbao ya kupasuliwa haiko skwea kamili hata ikionekana hivyo. Ukizunguka nayo, mstari wa nne hautakutana na wa kwanza. Ukitoka nyuso hizo mbili kwa pande zote, mistari inakutana. Chora kwa kisu, penseli ina unene.

Kigezo: chukua ubao mnyoofu, upigilie chini yake kipande kwa skwea, uwe kama herufi T. Pima kutoka ukingo wa kitako cha msumeno mpaka kwenye jino la diski, kila msumeno una kipimo chake. Bana kigezo kwa klampu umbali huo kutoka mstari, na kitako kiteleze kikikigusa. Kata mara ya kwanza kina cha 35, ya pili 65. Ukitaka kushusha zote mara moja kwenye mkaratusi mbichi utasikia mota inalia, na ukiisikia inalia umeshachelewa. Diski iwe ya meno 24 na iwe kali. Ile ya meno mengi ya kukatia plaiwudi itaunguza mbao.

Stendi ziwekwe zote upande wa nguzo, kipande kinachokatwa kining'inie. Ukiweka stendi kila upande, mbao itabonyea katikati na kubana diski.

Boriti zako za sita kwa kumi: msumeno huu utaacha ukanda wa milimita 20 kwa 120 katikati, huo ni wa dakika chache kwa mkono. Ukiweza kuazima msumeno wa diski ya 235, unakata 85. Ilaze boriti kwa uso mpana, kata juu, igeuze, kata tena: 85 mara mbili ni 170, mbao ina 150, imekwisha.

Kitu kimoja cha mwisho, nguzo zinazosimama kwenye zege. Ukimaliza kiini kwa mkono, elekeza msumeno kidogo ndani, milimita moja tu, katikati pawe na kishimo. Nguzo itakaa kwenye mzunguko wake wa nje na haitatikisika. Ukiacha katikati pamevimba hata nusu milimita, itacheza kama pia.

Salma, Portland

Shikamoo Mzee wa Patasi, na habari za Njombe kaka Kenchi. Mimi nimezaliwa Tanga, sasa niko Oregon, mwaka wa sita na kampuni ya kujenga nyumba za nguzo na boriti. Niongeze kidogo kuhusu hicho kifaa cha kwenye video, maana nimekitumia.

Kinaitwa Prazi Beam Cutter. Hukigusi kwa kuchomelea: kinakuja na ulimi wake, mnyororo wake na kinga yake, na kinafungwa mahali pa diski na kinga ya chini. Kinakata inchi 12 kwa mpito mmoja na unaweza kukilaza mpaka nyuzi 45. Wengi hapa wanakifunga kwenye misumeno ile yenye gia ndefu nyuma, kwa sababu ina nguvu ya kuvuta hata mzunguko ukiwa mdogo. Pia kuna vifaa vya Big Foot vinavyoufanya msumeno wa inchi 7¼ ubebe diski ya inchi 10¼ na kukata nne kwa nne kwa mpito mmoja. Lakini angalia wanachobadilisha: kinga nzima na kitako kizima vinatoka, vinawekwa vingine vilivyopimwa kwa diski ile. Diski ni sehemu ndogo ya kazi hiyo.

Kwa ukweli wote, hatuutumii mnyororo kwenye kiungo kinachoonekana. Uso unabaki na makwaruzo, na meno ya upande mmoja yakiwa makali kuliko ya upande wa pili, mkato unapinda ukiwa chini, mahali usipopaona. Juu uko kwenye mstari, chini umetoka milimita 5. Tunautumia kukata ncha za paa zinazoning'inia, mbao nyingi kwa pamoja, pale kasi inapohitajika. Viungo tunakata kwa mashine ya Makita ya diski ya milimita 415, inaingia zaidi kidogo ya inchi 6, tunageuza mbao na kumalizia upande wa pili. Ina uzito wa kama kilo 14, nami naiendesha, ila baada ya boriti kumi mgongo unajua.

Kama bado unafikiria kuagiza kutoka huku, tahadhari ya umeme: mashine za Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 ya nyumbani inaungua papo hapo. Utahitaji transfoma ya kushusha, na kwa msumeno wa ampea 15 usinunue iliyo chini ya wati 3,000. Na uulize diski ya msumeno wako iko kushoto au kulia, vifaa vya upande mmoja haviingii upande wa pili.

Fundi Kenchi, Njombe

Shikamoo mzee wangu, na asante sana dada Salma. Nimesoma maneno yenu mara tatu, kisha nikayasoma kwa sauti mbele ya vijana wangu wawili. Ile habari ya grenda ilituumiza, kwa sababu hapa karakanani ilikuwepo moja yenye diski ya mbao. Tumeitoa siku hiyo hiyo.

Nirudishe majibu, imepita wiki mbili. Sikuchomelea chochote.

Kigezo cha T nimekitengeneza kwa mninga mkavu uliobaki kwenye milango. Kuchora kutoka nyuso mbili kumenifundisha kitu ambacho kwa miaka yote hii sikuwa nakifanya: nilikuwa nazunguka na skwea, na mistari isipokutana nilikuwa narekebisha kwa macho. Nguzo ya kwanza ilinichukua saa moja na nusu kwa ncha moja. Ya tano, dakika 35.

Kilichotusumbua zaidi ni kugeuza mbao. Nguzo moja ya mita tatu na nusu, mbichi, nilikadiria kilo 140, na kila ncha inataka kugeuzwa mara tatu. Siku ya kwanza tuligeuza kwa mikono na kijana mmoja akabanwa kidole, si vibaya. Siku ya pili tukaweka mabomba mawili ya chuma chini yake na kugeuza kwa mtaimbo, mmoja anasukuma, mwingine anaweka kabari. Sasa watu wawili wanatosha.

Umeme nao ulinifundisha. Karakana iko mbali na mita, nilikuwa navuta waya mwembamba wa milimita 1.5, mita 50. Msumeno ulikuwa unazubaa nikifika kina cha 65 nikadhani diski imekuwa butu. Nikabadilisha waya, nikaweka wa 2.5 na kusogeza stendi karibu na nyumba, msumeno ukawa kama mpya.

Leo tumesimamisha nguzo ya tisa. Nilichukua kipande cha karatasi ya daftari nikajaribu kukipitisha kati ya mbao na zege. Upande mmoja tu kiliingia, kona, kama sentimita mbili, kikakwama. Zote tumeziweka kishimo cha milimita moja kama mzee alivyosema, na hakuna inayotikisika hata kabla ya kuifunga.

Ile nguzo ya chenso nimeikata vipande vifupi, itatoa mikono ya kusaidia boriti kwenye kona.

Mzee, swali moja. Ncha za juu zinahitaji ulimi wa kuingia kwenye boriti, unene wa milimita 50. Mabega yake, yaani pale mbao inaposhuka kuanza ulimi, nakata kwa kigezo hiki hiki, hilo nimelielewa. Lakini mashavu ya ulimi, zile nyuso zake mbili pana, yanakwenda na urefu wa mbao, sentimita 12. Unayapasua kwa msumeno wa mkono, au unaweka mikato mingi ya kuvuka kisha unabandua kwa patasi? Mkaratusi huu nyuzi zake zinajisokota, naogopa patasi isije ikafuata nyuzi ikaingia ndani.

Mzee wa Patasi, Lushoto

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha.

Kama nyuzi zinajisokota usibandue kwa nguvu. Weka mikato ya kuvuka, kila sentimita moja, kina kiishie milimita 2 kabla ya mstari wa shavu. Vunja vipande kwa nyundo, kisha malizia kwa patasi pana ukikata kwa kuvuka nyuzi, kutoka ukingo kuja katikati, pande zote mbili. Usiisukume patasi kwa urefu hata mara moja. Na kabla ya kuanza, inoe. Mkaratusi unakula makali. Mimi nanoa kila baada ya shavu moja.

Ukimaliza ulimi wa kwanza tupia picha hapa tuuone.